Maji ya Soko

Wewe uliyelikosa gazeti la Jumapili iliyopita, sogea nikukatie kwa ufupi, maana shida za Bathsheba hazimsubiri mtu aliyechelewa.

Bathsheba ni mama wa Kigusii. Yeye na mumewe Duke walitoka Kisii wakaja kutafuta riziki Nyatike, upande wa Macalder, ambako mtu akichimba choo huutazama udongo mara mbili asije akatupa dhahabu. Bathsheba anauza ndizi na sukuma wiki sokoni. Duke ana dimbwi la kuoshea udongo wa dhahabu, juu ya kijiji cha Kanyawino. Kijijini humo anaishi rafiki ya Bathsheba, mjane wa Kijaluo aitwaye Mourine, pamoja na mama mkwe wake, ajuza ambaye kila mtu humwita Dani, yaani nyanya.

Chini ya dimbwi la Duke kuna chemchemi ya kijiji. Mwaka huu ng'ombe wawili walikunywa hapo wakafa, watu wakaogopa, wakaacha kuchota. Kikundi cha maji kikaomba ruzuku kwa Mfuko wa Chemchemi na Vijito, ile pesa ya umma ya kusafisha vyanzo vya maji, ili chemchemi ijengewe na madimbwi yote yaliyo juu yake yahamishwe. Wapimaji wakaja, wakapima, wakatangaza: maji safi. Sasa ruzuku ya maji machafu haipewi mwenye maji safi, kwa hiyo Kanyawino ikanyimwa. Watu hawakununa sana. Walimshukuru Mungu, wakarudi kuchota.

Wiki iliyopita tulimwacha Bathsheba ndani ya gari la wagonjwa, amempakata Irine, mtoto wa pekee wa Mourine, msichana wa miaka minne aliyekuwa akihema kwa shida. Walikuwa wameshaipita Magunga. Leo wamefika Homa Bay, na nakuonya mapema, mimi leo sina kicheko cha kukuuzia.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mgeni wa upande huu. Alimshika mtoto mkono, akamfunua macho, akamgeukia Mourine.

"Amekula nini?"

"Uji kidogo, daktari. Na maji."

"Maji ya wapi?"

"Ya soko," Mourine akasema.

"Ya sokoni? Ya bomba?"

Mourine hakulisikia swali. Macho yake yalikuwa kwenye kifua cha mtoto. "Ya soko. Serikali ilikuja ikapima. Ikasema iko safi, tukunywe."

"Kama yalipimwa, basi tuachane na maji," daktari akamwambia muuguzi. "Mpime malaria. Halafu tuangalie homa ya matumbo."

Bathsheba alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, chupa ya chai mkononi. Alitaka kusema pole. Lakini neno lingine lilikuwa limemgonga kichwani.

Soko.

Msomaji wangu wa Mombasa au Nairobi, wewe ukisikia soko unaona nyanya na mitumba. Mjaluo ukimwambia soko, anaona maji yakitoka ardhini. Soko kwa Kijaluo ni chemchemi. Pale pa kuuza na kununua wao wanapaita chiro. Bathsheba alilijua hilo. Kwao Kisii pia chemchemi ni ensoko, kwa hiyo kama kuna mtu katika Nyatike nzima aliyepaswa kulinusa kosa hili kutoka mbali, basi ni yeye. Lakini mtu anayeuza ndizi sokoni kutwa kucha akisikia soko, masikio yake humpeleka kwenye kibanda chake.

"Daktari!" Bathsheba alipaza sauti hadi wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. "Hasemi sokoni! Anasema chemchemi. Kijaluo, soko ni chemchemi. Na juu ya hiyo chemchemi kuna watu wanaosha dhahabu na dawa."

"Dawa gani?"

Bathsheba angeweza kusema hajui. Mke mwema angesema hajui.

"Sianidi," akasema.

"Una hakika?"

"Iko kwetu stoo, daktari. Bwana yangu ndiye anaitumia."

Daktari aliondoka mbio. Mourine aligeuza shingo polepole, akamtazama rafiki yake, kisha akarudisha macho kwa mtoto.

Walifanya yote yanayofanywa. Waliweka mirija, waliita daktari mwingine, walipiga simu huku na huko kutafuta dawa ya kuivunja nguvu sumu ile. Irine alifumbua macho mara moja, akaita Dani, akayafumba. Mchana, wakati wagonjwa wengine wanagawiwa chakula, muuguzi alikuja akamfunika shuka usoni.

Nimeandika hadithi nyingi katika ukurasa huu, na watu wengi wamenifia humu. Huyu ameniuma.

Mourine hakulia papo hapo. Alikaa kwenye benchi la nje, mikono mapajani. Bathsheba alikaa kando yake, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akaogopa kumshika.

"Min Joyline," Mourine akamwita kwa jina la bintiye, yaani mama wa Joyline, kama kawaida yao. "Wale watu wa kupima, wewe uliwaona?"

"Niliwaona."

"Wapi?"

"Walikuja kwa kibanda changu."

Mambo yalikwenda hivi. Afisa wa ruzuku aliyekuja na wapimaji alikuwa kijana wa pwani, mwenye adabu na Kiswahili kilichonyooka. Alishuka kwenye gari na kisanduku chake cha chupa, akamjia Bathsheba.

"Shikamoo, mama. Hapa ndipo soko?"

"Marahaba. Ndipo hapa, karibu."

"Tumeambiwa tuje kupima maji ya soko."

"Maji ya soko ni bomba ile pale."

Akamwonyesha kwa kidole. Akamwazima hata ndoo ya kukinga. Walipomaliza akawafungia ndizi za njiani, na kijana akamwambia Mungu ambariki. Bathsheba alidhani wakitoka pale wataenda Kanyawino. Hawakwenda. Ripoti ilipotoka, naibu wa chifu alizunguka na pikipiki na kipaza sauti akitangaza, "Maji ya soko ni safi! Kunyweni bila wasiwasi!" Bathsheba alitazama bomba, akatikisa kichwa kukubali. Wanawake wa Kanyawino waliposikia maneno hayohayo, walichukua mitungi wakashuka kwenye chemchemi.

Alimweleza Mourine yote hayo pale kwenye benchi, bila kupunguza.

"Kwa hivyo soko haikupimwa," Mourine akasema.

"Haikupimwa."

"Na wewe ndiye ulionyesha bomba."

"Ni mimi. Lakini Min Irine, sikujua..."

"Usiniite hivyo," Mourine akasema. "Irine hayuko." Akainuka, akaenda kukaa kwenye benchi lingine.

Bathsheba alilia peke yake hadi akachoka. Kisha akafikiria jambo lililomkausha machozi: Kanyawino nzima ilikuwa bado inakunywa.

Akampigia simu Mzee Elkana, mwenyekiti wa kikundi cha maji. Mzee Elkana ni mtu mzuri, ila ana ugonjwa mmoja wa wenyeviti: akikosea, hukosea kwa siri.

"Mzee, ile siku ya kupima uliwaambia waje wapi?"

"Soko! Nilimwambia yule kijana kwa simu, njooni soko, mimi nawangoja soko. Nilikaa hapo mpaka jua ikanichoma."

"Na hawakuja."

"Nilipiga simu. Akaniambia, mzee, tushafika soko, maji tushachukua. Nikajua walikuja asubuhi kabla yangu. Watu wa serikali wanaamka mapema."

"Mzee, walichukua maji ya bomba. Kule chiro."

Bathsheba alisikia kuku wakilia nyuma ya mzee.

"Waambie watu wasichote," Bathsheba akasema. "Irine amekufa sababu ya hiyo maji."

"Uuwi," mzee akaguta. Kisha sauti yake ikashuka. "Sasa nisimame niambie watu nini? Ati mimi mwenyekiti sikujua maji gani imepimwa? Ngoja kwanza tuzike mtoto. Baada ya matanga tunaita kikao."

"Na mpaka hiyo kikao watakunywa nini?"

Simu ikakatika, au ilikatwa. Bathsheba hakujua.

Akampigia yule afisa. Kijana alipopata habari ya mtoto alishtuka.

"Mungu wangu! Mama, mimi niliambiwa soko, nikaenda soko. Ningejuaje?"

"Basi rudi upime chemchemi."

"Nitarudi, lakini ruzuku za mwaka huu zishafungwa. Itabidi kikundi kikate rufaa."

"Achana na ruzuku! Tangaza tu ya kwamba maji si safi."

"Siwezi kutangaza jambo ambalo sijalipima, mama."

"Lakini ulitangaza!"

Kijana alisema pole mara nyingi, na nadhani alikuwa anaisema kwa moyo, lakini pole haizuii mtu kuinama chemchemini.

Bathsheba aliporudi Nyatike hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye chemchemi. Wanawake walikuwa wamepanga mitungi yao kwenye foleni, wanaongea kwa sauti ya chini kwa sababu ya msiba.

"Akina mama, msichote. Hii maji ndiyo imeua mtoto."

Mmoja akamtazama juu hadi chini, akamwita binti wa Kisii kwa Kijaluo. "Nyar Kisii, serikali ilisema soko iko safi ukanyamaza. Leo unataka tuje tununue maji ya bomba kwa chiro, karibu na kibanda yako?"

"Si hivyo, dada yangu. Walipima bomba."

"Nani alikuambia?"

"Nilikuwa hapo. Mimi ndiye nilionyesha."

Wanawake walitazamana. Kisha yule wa kwanza akainama, akazamisha mtungi wake. Si kwamba ni wabaya. Mtu aliyekwisha kuwapa watoto wake maji yale wiki nzima hataki kusikia kwamba ni sumu, na akiambiwa na mgeni ndiyo hataki kabisa.

Nyumbani, Duke alikuwa anafunga magunia ya udongo. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Mama Joy, nani alikutuma utaje dawa yangu hospitali?"

"Mtoto alikuwa anakufa."

"Na amekufa hata baada ya kutaja. Sasa umefaidi nini?"

Bathsheba alikaa kwenye kigoda. Duke si mtu wa kupiga, wala si mlevi. Kila wanaposali Jumamosi yeye ndiye hubeba viti vya kanisa. Nakwambia haya ili usije ukamchora na pembe, msomaji wangu.

"Hiyo dimbwi si uliniambia umetandika nailoni chini, dawa haiwezi kupita?"

"Nilitandika."

"Ikapitaje?"

Duke aliendelea kufunga gunia. "Ile mvua kubwa ilipasua. Nimeshaweka ingine."

"Ilipasuka lini?"

"Hiyo mvua."

"Kabla Irine augue."

Duke akakaza fundo la gunia.

"Ulijua, Duke."

"Nilijua nini? Serikali ilisema maji iko safi. Mimi ni nani nibishane na serikali?" Akainua uso, na Bathsheba akaona kwamba macho yake yalikuwa mekundu. "Joyline anasoma shule ya Asumbi kwa pesa ya hiyo dimbwi. Hii nyumba ni hiyo dimbwi. Ukisimama mbele ya watu useme hayo, watanichoma mimi na mashine. Ukitaka kusimama, simama. Lakini usirudi hapa. Utaenda kwenu, uambie mama yako umechagua Wajaluo."

"Mimi nachagua watoto."

"Uko na mtoto mmoja. Mchague huyo."

Hakuna aliyelala vizuri katika nyumba ile, na sitakusimulia walivyogeuziana migongo.

Siku ya maziko watu walikuja wengi kuliko ilivyo kawaida ya kumzika mtoto mdogo. Mourine anapendwa. Jeneza dogo lililetwa na pikapu ya Duke, kwa maana ndiyo gari pekee la pale jirani, na Duke hakuweza kukataa bila watu kujiuliza kwa nini. Alilishusha mwenyewe kwa mikono yake miwili, akaenda kusimama mbali, karibu na ua.

Dani alikuwa amekaa mchangani karibu na jeneza. Tangu msiba uanze hakuwa amekula. Alikuwa anaongea na mtoto kwa sauti ndogo, kama vile walivyozoea kuongea wawili wale asubuhi, Mourine akiwa shambani.

Bathsheba alipita nyuma ya nyumba kuwasaidia wanawake wa jikoni. Akasimama.

Masufuria makubwa ya chai yalikuwa yamepangwa mekoni, maji yakianza kuchemka. Kando yake kulikuwa na pipa la buluu limejaa hadi mdomoni, na vikombe vya plastiki vimefunikwa juu ya meza. Watu wote wale wangemaliza kuzika, wangenawa, wangekunywa.

"Hii maji imetoka wapi?"

"Soko," mwanamke aliyekuwa akichochea moto akasema. "Tulichota asubuhi."

"Ukichemsha hiyo dawa haitoki."

"Mama Joyline, tafadhali. Leo ni siku ya msiba."

Akarudi mbele. Akamwendea Mzee Elkana, akainama sikioni mwake.

"Mzee, wataenda kunywa hiyo maji. Waambie."

"Baada ya kuzika."

"Baada ya kuzika ndiyo wanakunywa!"

"Bathsheba, keti. Usiniaibishe."

Katekista alimaliza sala. Akauliza kama kuna jirani mwenye neno la mwisho la kumfariji Mourine kabla jeneza halijashushwa.

Bathsheba alitazama kule kwenye ua. Duke alikuwa anamtazama, na polepole akatikisa kichwa: hapana. Alifanya vile bila ukali. Alikuwa anaomba.

Bathsheba akasimama.

Akashika kiti cha mbele yake. Akaanza kwa Kijaluo, kwa sababu Kiswahili kilikwisha kuwaponza.

"Pi soko rach," akasema. "Kik umadh pi soko."

Maji ya chemchemi ni mabaya. Msiyanywe. Safari hii hakuna aliyeweza kuelewa vingine.

Minong'ono ikaanza. Mzee Elkana akainuka nusu, akamshika mkono. Bathsheba akautoa mkono wake kwa upole, akaendelea kwa Kiswahili ili na wageni wasikie.

"Ile siku watu wa ruzuku walikuja kupima, waliambiwa soko. Yule kijana alijua soko ni chiro. Akaja kwa kibanda changu, akaniuliza maji ya soko iko wapi. Mimi nikamwonyesha bomba. Mimi Bathsheba, na hii mkono yangu. Maji yenye iko safi ni ya bomba. Soko haijawahi kupimwa hata siku moja."

Mtu mmoja akaguta. Wengine wakageuka kumtazama mwenyekiti, naye Mzee Elkana akakaa chini, akavua kofia, akaitazama ndani.

"Na hiyo si yote," Bathsheba akasema. Sasa alikuwa analia wazi, hajifuti. "Juu ya soko kuna dimbwi. Ni ya bwana yangu. Nailoni ilipasuka siku ya mvua, dawa ikashuka. Nyumba yangu ndiyo imefanya hii. Mnaweza kunifanyia mnachotaka, lakini mwageni hiyo maji iko jikoni. Nawaomba kwa jina la Mungu. Mwageni."

Kule nyuma ya nyumba kukasikika kishindo cha sufuria likipinduliwa, na moto ukifoka kwa kumwagiwa maji. Mwanamke wa jikoni alikuwa amesikia. Akafuata mwingine. Wale waliokuwa wameanza kupanga vikombe waliviweka chini kwa tahadhari.

Wamemwamini. Nakiri kwamba hapa hata mimi ninayesimulia nilipumua.

Watu wakaanza kugeuka kumtafuta Duke, wanaume wakisogea, na sijui kingetokea nini kama Dani hangeongea.

"Nyar Kisii."

Ilikuwa sauti ndogo, lakini watu wote walimgeukia. Dani alikuwa amejiinua, ameegemea jeneza.

"Naam, Dani."

"Mtoto alikuwa anaamka, ananiambia, Dani, nipe maji. Kila asubuhi. Mimi nilikuwa na maji ya mvua kwa debe. Mourine aliniambia nimpe hiyo. Nikasema hapana, ya debe iko na majani, serikali imesema soko iko safi, nitampa ya soko." Akalipapasa jeneza. "Ile yenye nilikuwa nampa. Ndiyo hiyo unasema?"

Bathsheba hakuwa amefikiria hili. Alikuwa amebeba kosa lake na la mumewe, akayaweka mezani mbele ya watu, wala hakujua kwamba kulikuwa na mtu wa tatu aliyekuwa amekaa kimya akisubiri fungu lake.

"Dani, si wewe," akasema. "Ni sisi."

"Mimi sijauliza ni nani. Nimeuliza maji. Ni hiyo?"

Angeweza kudanganya, na hata Mungu wa Sabato angemsamehe. Lakini watu wote walikuwa wanasikiliza, na mwanamke wa jikoni alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na sufuria la pili mkononi, akingoja kama ni kweli alimwage au si kweli alirudishe.

"Ndiyo, Dani. Ni hiyo."

Dani akaitikia kwa kichwa. Akaanza kutembea kuelekea nyuma ya nyumba, na watu wakampisha. Walidhani anakwenda kulipindua pipa. Mwenye msiba ana haki ya kulipindua, wakamwachia nafasi.

Dani akachukua kikombe mezani. Akakizamisha ndani ya pipa. Akanywa.

"Mama!" Mourine akapiga ukelele.

Alikunywa chote, bila haraka. Akakizamisha tena, na Bathsheba alipomfikia na kukipiga kile kikombe kikaruka, cha pili nacho kilikuwa nusu.

"Alikuwa hakunywi mpaka nimshikie kikombe mimi mwenyewe," Dani akasema. Akajifuta mdomo kwa ncha ya leso.

Mourine alikuwa amemkumbatia, anamtikisa, anamwambia atapike. Mzee Elkana, ambaye kutwa nzima hakuwa na sauti, aliipata sasa. "Gari! Apelekwe Homa Bay! Duke, leta gari!"

Duke alikuwa tayari kwenye pikapu. Mlango ulikuwa wazi, mguu mmoja ndani, uso umeelekea barabarani. Bathsheba akamkimbilia.

"Duke, geuza gari. Bado mapema, atapona."

Duke alitazama watu. Wanaume waliokuwa wakimjia kwa hasira sasa walikuwa wamesimama, wanamngoja.

"Daktari ataniuliza nimeweka dawa kiasi gani," akasema.

"Utamwambia."

"Halafu polisi?"

"Utawaambia pia."

"Mama Joy," Duke akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezama, "hujui nimeongeza dawa ingine kwa dimbwi jana jioni."

Nyuma yao Dani alikuwa ameanza kukaa chini polepole, amejishikilia kwa Mourine. Duke hakugeuza gari, wala hakuliondoa.